Nani Amesikia? Historia ya Redio Ndani ya Vifaru vya Kompyuta

Leo naomba tuweke kando mambo ya hifadhidata, tuongee historia. Historia yenyewe ni ya vifaru. Si wale wa Mbuga ya Meru, hao wana walinzi wao; nasema vifaru vya vita, vya chuma na mizinga. Na hasa nasema vifaru ambavyo havikuwahi kuwako, vilivyoishi ndani ya kompyuta tu, pamoja na redio ambazo askari walizungumzia humo.

Mtu atauliza mwandishi wa programu anayeishi Meru anatafuta nini huko. Natafuta jibu la swali moja: ukiandika programu inayoigiza watu wengi wanaozungumza kwa redio, ni nani anayeamua kwamba ujumbe umesikika? Ni aliyetuma, ni seva iliyo katikati, au ni yule anayesubiri kupokea? Ukilijibu vibaya, programu yako itafanya kazi vizuri kabisa mezani, kisha itadanganya watu mabondeni. Waliojenga vifaru vya kompyuta walichukua zaidi ya miaka kumi kulijibu vizuri.

Tuanzie mwanzo. Miaka ya 1970 mashine ya kuigiza chombo cha vita, nitaiita simuleta, ilikuwa kitu kikubwa cha bei ghali kilichomfundisha rubani mmoja au askari wa kifaru kimoja. Ilifundisha vitufe. Lakini kifaru hakipigani peke yake. Katika jeshi la Marekani la wakati wa vifaru vya M1, vifaru vinne vilifanya platuni, na platuni tatu pamoja na vifaru viwili vya makamanda zilifanya kombania ya vifaru 14. Kujua vitufe ni jambo moja. Kujua la kufanya wakati mwenzako wa kushoto amenyamaza ghafla ni jambo jingine kabisa, na hilo huwezi kujifunza ukiwa peke yako kwenye kibanda.

Ofisa mmoja wa jeshi la anga, Jack Thorpe, aliliandikia wazo la simuleta zilizounganishwa mwaka 1978. Mwaka 1983 DARPA, lile shirika la utafiti lililogharimia ARPANET, babu ya intaneti, likaanzisha mradi ulioitwa SIMNET. Upande wa mtandao ulikuwa wa kampuni ya BBN ya Cambridge, Massachusetts, wale wale waliotengeneza mashine za kwanza za kupitisha pakiti za ARPANET. Perceptronics walijenga vibanda, Delta Graphics wakashughulikia picha. Mradi ulipokabidhiwa jeshi mwaka 1990 kulikuwa na simuleta zipatazo 250 katika vituo vya Marekani na Ujerumani. Kituo kilichojulikana zaidi kilikuwa Fort Knox, Kentucky, ambako ndiko ilikuwa shule ya vifaru siku hizo.

Kilichonivutia kwanza ni ubahili wao, na nasema ubahili kwa sifa. Hawakutaka kuigiza kila kitu. Walijiuliza ni kitu gani kamanda wa platuni anakihitaji ili afanye uamuzi, wakatengeneza hicho tu. Gamba la kifaru lilikuwa la fibaglasi. Macho yaliona hadi mita 3,500, basi. Kilichokuwa ng'ambo ya hapo hakikuchorwa.

Cha pili ni kwamba hapakuwa na seva. Kila simuleta ilikuwa na kompyuta yake, na kompyuta hiyo ilimiliki kifaru kimoja tu, chake. Ilitangaza kwenye mtandao: niko hapa, naelekea kule, mzinga umegeukia huku. Wengine wote walisikiliza na kujichorea. Ili kupunguza msongamano, kila kompyuta ilikisia mwendo wa vifaru vya wenzake kwa kuendeleza mstari kutoka taarifa ya mwisho. Mwenye kifaru naye alifanya makisio yale yale juu yake mwenyewe, na alituma taarifa mpya pale tu ukweli ulipoachana na makisio kupita kiasi, au sekunde tano zilipopita bila neno. Mtu yeyote aliyewahi kuandika mchezo wa kompyuta wa watu wengi anaitumia mbinu hii mpaka leo, ajue asijue ilikopitia.

Na shabaha je? Hapa ndipo pazuri. Mpigaji hakuamua kama ameua. Alitangaza kwamba amefyatua, kisha kwamba risasi imetua mahali fulani. Aliyepigwa ndiye aliyefanya hesabu, kwa sababu yeye ndiye aliyejua unene wa chuma chake na upande aliopigwa, na yeye ndiye aliyetangaza: nimekufa. Uamuzi ulikaa kwa mwenye habari kamili. Likumbuke hili, tutalirudia.

Sasa sauti. Katika miaka ya mwanzo ya SIMNET kila kitu kilipita kwenye mtandao ule isipokuwa maneno ya askari. Mwendo, moto, moshi, mafuta, risasi zilizobaki, vyote vilikuwa pakiti. Sauti ilipita njia yake ya pembeni, kwa vyombo vya kawaida vya mawasiliano. Sababu si ngumu kuielewa. Sauti ya simu ya kawaida inachukua sampuli 8,000 kwa sekunde, kila moja biti 8, jumla kilobiti 64 kwa sekunde. Laini ya kukodi ya kuunganisha miji miwili wakati ule ilikuwa na kilobiti 56. Yaani mtu mmoja akifungua mdomo tu amekwisha kuijaza laini nzima na bado hajaenea. Wahandisi waliokuwa wakihesabu kila biti ya mwendo wa kifaru wasingekubali.

Lakini fikiria walichoacha nje. Kamanda wa kifaru aliyefunga mfuniko huona kidogo sana. Anachojua kuhusu wenzake watatu, kuhusu adui aliye nyuma ya kilima, kuhusu amri iliyobadilika, kimeingia kupitia masikioni. Platuni ni watu 16 waliofungwa kwenye masanduku manne na kuunganishwa na redio. Ukitaka kujua kama platuni ni nzuri, usiangalie ramani ya mahali ilipopita. Sikiliza. Nani anaripoti kabla ya kuulizwa? Ni mara ngapi kamanda anauliza "uko wapi" badala ya kusema "nenda kule"? Ni mara ngapi watu wawili wanabonyeza kitufe pamoja na wote wawili wakapotea?

Kwa hiyo watafiti walipata taabu ya ajabu. Army Research Institute ilikuwa na kitengo hapo Fort Knox kilichochunguza mafunzo haya. Mashine ya kurekodi pakiti iliwapa vita vizima, sekunde kwa sekunde. Waliweza kuvirudisha nyuma, kupaa juu ya uwanja kama ndege, kuhesabu kila risasi. Maneno hayakuwamo. Ukitaka maneno ulikuwa na kanda za sauti, na kanda haijui saa ya mtandao. Lazima mtu akae na vipaza sauti masikioni, aandike neno kwa neno, kisha atafute lilisemwa kifaru kikiwa wapi. Yeyote aliyewahi kulinganisha faili mbili za kumbukumbu kutoka seva mbili zenye saa tofauti ananielewa.

Tatizo la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu halikuonekana. Redio ya pembeni ni safi. Haijui kilima kilichochorwa kwenye skrini. Haijui kwamba kifaru chake kimeshuka bondeni, wala kwamba antena imevunjika. Askari anafundishwa kwamba akibonyeza anasikika, na hilo ni fundisho la uongo ambalo atakwenda nalo vitani.

Thamani ya maneno yaliyorekodiwa ilionekana waziwazi baada ya vita vya Ghuba. Tarehe 26 Februari 1991, huko kusini mwa Iraki, kombania ya Marekani iliyoongozwa na Kapteni H.R. McMaster ilikutana na kikosi cha Iraki katikati ya dhoruba ya mchanga. Kwa maelezo yake mwenyewe, sehemu kubwa ya kazi iliisha kwa dakika 23. Pambano hilo linaitwa 73 Easting, jina la mstari wa ramani tu, kwa sababu jangwa lile halikuwa na kitu kingine cha kuitia jina. DARPA na taasisi ya Institute for Defense Analyses waliamua kulijenga upya ndani ya SIMNET. Walikwenda uwanjani, wakahoji waliopigana, wakapima mabaki. Na walikuwa na kanda za redio zilizorekodiwa wakati mapambano yakiendelea. Alama za minyororo ya vifaru ardhini zinaonyesha njia. Sauti inaonyesha mpangilio wa mambo na yale ambayo mtu alidhani anayaona. Bila sauti, vita vile vingekuwa vibonzo vinavyotembea tu.

Wakati huo huo kazi nyingine ilikuwa ikiendelea Orlando, Florida. Kuanzia mwaka 1989 wahandisi wa jeshi, kampuni na vyuo walikutana kugeuza itifaki ya SIMNET kuwa kanuni ya wote. Itifaki mpya iliitwa DIS. Toleo la kwanza la IEEE, namba 1278 la mwaka 1993, lilikuwa na aina kumi za pakiti: hali ya chombo, kufyatua, kulipuka, kugongana, mambo ya kuomba mafuta na matengenezo. Redio bado haikuwamo! Iliingia mwaka 1995 katika toleo la 1278.1, na iliingia kama pakiti tatu, namba 25, 26 na 27.

Naomba uvumilivu kidogo hapa, maana pakiti hizi tatu ndizo zilizonifanya niandike.

Namba 25 ni ya kisambazaji. Inasema: mimi ni redio fulani ya kifaru fulani, nimezimwa, au nimewashwa lakini niko kimya, au nimewashwa na natangaza. Antena yangu iko hapa, masafa yangu ni haya kwa hezi, upana huu, nguvu hii, namna ya kubeba sauti ni hii. Angalia: haina sauti ndani yake hata kidogo. Ni taarifa ya hali ya chombo.

Namba 26 ndiyo yenye sauti. Inabeba sampuli, kiwango chake na aina ya usimbaji, na inataja redio iliyozitoa. Haisemi chochote kuhusu nguvu wala mahali.

Namba 27 ni ya kipokezi. Inasema: nimezimwa, au nimewashwa na sipokei, au nimewashwa na napokea, na kama napokea, ni kutoka kwa redio ipi na kwa nguvu kiasi gani.

Sasa tafuta kwenye hizi tatu pakiti inayosema "ujumbe umefika". Hakuna. Aliyetuma hatangazi kwamba amesikika, kwa sababu hajui. Sauti inaenezwa kwa wote. Kila kipokezi kinachukua namba 25, kinaangalia kama masafa yanalingana na yake, kinapima umbali na ardhi iliyo katikati, kinaamua chenyewe: nimesikia vizuri, nimesikia kwa mikwaruzo, sikusikia. Ni kanuni ile ile ya aliyepigwa ndiye anayejua kama amekufa. Sauti iliachwa nje kwa miaka yote ile, na iliporudi ilikaa mahali pake bila kulazimishwa. Kama programu zote zingezeeka hivi!

Lakini uhuru huo una upande wake. Kanuni inasema kipokezi kiamue. Haikilazimishi kuujua mlima. Unaweza kuandika kipokezi kinachopima umbali tu, na kwenye jangwa la Iraki hakuna atakayegundua. Kilete huku kwetu.

Chukua Embu mjini na Meru mjini. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 68. DIS hupima mahali kutoka kitovu cha dunia, kwa hiyo Meru X yake ni kama kilomita 5,050 na Y kama 3,900. Z, inayopimwa kutoka ikweta, ni kilomita tano tu, na Embu ni hasi 59, kwa sababu tunavuka ikweta njiani. (Ukiona hitilafu ya alama ya kutoa kwenye msimbo wako, sisi tunaweza kukukamatia bila kutoka wilayani.) Weka redio ya gari ya wati 50 pale Embu, kwenye megahezi 50, katikati ya masafa ya redio za vifaru. Upotevu wa nafasi tupu kwa umbali huo ni desibeli 103. Wati 50 ni desibeli 47 juu ya miliwati, kwa hiyo kipokezi cha Meru kinapata hasi 56. Hiyo ni nguvu ya kutosha na kusaza. Programu itakuambia Embu inasikika Meru kama jirani.

Mtu yeyote wa huku atacheka. Mstari ule unapita msituni juu ya Chogoria, ubavuni mwa mlima wa mita 5,199, mahali ambapo ardhi iko juu kuliko miji yote miwili. Na hata bila kwenda mbali hivyo, barabara ya Embu kwenda Meru inavuka Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, kila mto na bonde lake, na abiria wote wa matatu wanajua Wimwaro FM na Muuga FM zinaanza kukwaruza wapi. Maarifa hayo ndiyo pakiti namba 27, ila imeandikwa vichwani mwa watu.

Vifaru vya kweli navyo haviko mbali. Isiolo, chini kidogo ya Meru, ndiyo nyumbani kwa kikosi cha 78 cha vifaru, na jeshi la Kenya lilinunua Vickers kutoka Uingereza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Wengi wetu tulilisikia neno kifaru kwa maana hii mwaka 2008, maharamia wa Kisomali walipoteka meli ya Faina ikiwa na vifaru 33 vya T-72 njiani kuja Mombasa. Kama kuna sehemu inayofaa kujaribia kipokezi cha kompyuta, ni kati ya tambarare ya Isiolo na miteremko ya Nyambene.

Wala si mara ya kwanza mlima huu kuamua nani amesikia. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952, upande wa serikali ulikuwa na redio na ndege. Wapiganaji wa Mlima Kenya, walioongozwa na Waruhiu Itote, Jenerali China, hadi alipokamatwa Januari 1954, walitegemea barua na wajumbe wa miguu. Mjumbe wa miguu hajali ukingo wa bonde. Anachelewa tu, na aliyemtuma hajui kama amefika mpaka arudi. Itote alikuwa amepigana Burma katika KAR, kwa hiyo jeshi lenye redio alilijua kwa ndani.

Habari njema ni kwamba mlima sasa unapatikana bure. Hesabu za kukisia upotevu wa mawimbi juu ya ardhi yenye mabonde zilichapishwa na Anita Longley na Phil Rice mwaka 1968. Chombo cha anga cha Endeavour kilipima miinuko ya sehemu kubwa ya dunia kwa rada Februari 2000, na data ya Afrika ya kila mita 30 ilifunguliwa kwa umma mwaka 2014. Programu huria ya SPLAT! inaunganisha hivyo viwili. Pakiti za DIS nazo zina maktaba huria, Open-DIS. Kompyuta ya mkononi ya kawaida inatosha.

Kwa nini nijisumbue? Kwa sababu ya mizani. Viwanda vya kahawa na vituo vya kununulia chai vya huku vinazidi kupimia kwa simu. Karani anapima, anabonyeza, skrini inasema "imetumwa", mkulima anapanda ngazi za bonde akirudi nyumbani. Nimeona programu za aina hii zikijaribiwa kwa kupoteza ujumbe mmoja kati ya kumi, kwa nasibu, upande wa seva. Bonde halifanyi nasibu. Likizima, linazima makarani wote walio ndani yake kwa pamoja, na linawazima kwa saa nzima, kisha ujumbe wote unamiminika pamoja karani akipanda juu na gunia la mwisho. Programu inayostahimili nasibu inaweza kuandika kilo za mkulima mara mbili siku hiyo, au isiziandike kabisa. Na neno "imetumwa" limesemwa na nani? Na aliyetuma, yule asiyejua.

Basi nimeanza kujenga jaribio kwa mtindo wa 1995. Kila simu ya kuigiza inatangaza ilipo. Mnara wa kuigiza unachukua miinuko ya ardhi, unaamua wenyewe umesikia nini, na unatoa taarifa yake ya kupokea, yenye jina la aliyetuma na nguvu iliyopatikana. Skrini ya karani hairuhusiwi kusema lolote zaidi ya "inasubiri" mpaka taarifa hiyo irudi. Nimeanza na mabonde mawili, Thuci na Nithi, na taarifa ya kupokea nimeipa namba 27.